Ndoo namba 14 na kifungu ambacho hakikuandikwa

Mwaka juzi mwezi wa kumi, kwenye ghala la ushirika mmoja wa wafugaji nyuki hapa mkoani Tabora, ndoo moja ya asali ilipimwa mara mbili kwa siku moja. Saa mbili asubuhi unyevu wake ulisoma asilimia 19.8. Saa tisa alasiri ukasoma 20.6. Ndoo ni ile ile, namba 14, kifuniko kimebanwa, haijahamishwa hata hatua moja. Mwongozo wa mnunuzi ulikuwa na sentensi moja tu juu ya jambo hilo: unyevu usizidi asilimia 20, upimwe "kwa njia iliyoidhinishwa". Kwa kipimo cha asubuhi, ndoo imepita. Kwa kipimo cha alasiri, inarudishwa kwa mwenyewe, mzee aliyeifunga kwenye baiskeli akaivusha msitu mzima kuileta.

Namba hizo zilinifikia kwa sababu kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na daftari la ghala lile nilikuwa nimelihamishia kwenye programu yangu. Programu iligoma kupokea vipimo viwili vinavyopishana vya ndoo moja, kijana wa ghala akanipigia simu. Kwanza nilijishuku mwenyewe. Nilipitia mistari ya programu mpaka jioni, nikakagua jinsi nukta inavyosomwa, nikakagua saa ya kompyuta. Hapakuwa na kosa. Kesho yake nikaenda ghalani nikasimama nyuma ya wapimaji wote wawili. Nao hawakuwa na kosa. Kila mmoja alifanya kile ambacho mwongozo ulimwambia afanye.

Kifaa chenyewe ni refraktomita ya mkononi, bomba fupi lenye kioo upande mmoja na tundu la kuchungulia upande wa pili. Unapaka tone la asali juu ya kioo, unafunga kibati chake cha plastiki, unaelekeza kwenye mwanga, unasoma pale rangi ya buluu inapokutana na nyeupe. Maji yenyewe hayapimwi. Kinachopimwa ni jinsi mwanga unavyopinda ukiingia kwenye asali: asali nzito huupinda sana, yenye maji mengi huupinda kidogo. Lakini joto nalo lina mkono wake hapo. Asali ile ile ikipata joto, nguvu yake ya kuupinda mwanga hupungua, na kifaa hukuonyesha kana kwamba maji yameongezeka. Kwa hiyo njia inayotumika kimataifa inataka usomaji uwe wa nyuzi joto 20 za sentigredi, na kama joto limezidi hapo, unaongeza 0.00023 kwenye namba ya upindaji kwa kila nyuzi moja iliyozidi. Kwenye jedwali la asali, asilimia moja ya unyevu ni kama 0.0025 ya namba hiyo. Fanya hesabu: nyuzi 11 za ziada zinakupa 0.0025, yaani asilimia moja nzima ya unyevu ambao haupo. Asubuhi ile ghalani palikuwa na nyuzi 22. Alasiri, chini ya bati, 31. Ndoo namba 14 ilikuwa na unyevu wa asilimia 19.6 muda wote.

Ziko refraktomita zinazojisahihisha zenyewe kwa joto, na mwenye nayo angesoma 19.6 asubuhi na jioni. Shida inaanza akitokea mtu aliyesikia kwamba joto lazima lisahihishwe, akasahihisha kwa karatasi juu ya kifaa kilichokwisha kusahihisha. Huyo ataondoa asilimia moja isiyostahili kuondolewa, na asali yenye unyevu wa 20.6 kweli kweli itaandikwa 19.6 na kupita. Hiyo ndiyo itakayochachia ndani ya pipa kabla haijafika sokoni. Na wako wanaosoma mstari wa Briksi, uliotengenezwa kwa ajili ya maji ya sukari, wakatoa kwenye mia wakiamini wamepata unyevu. Kwenye asali hesabu hiyo inakosea kwa zaidi ya asilimia moja. Wote hawa wanaweza kusimama mbele ya mwenyekiti wa ushirika na kusema wametumia njia iliyoidhinishwa. Imeidhinishwa na nani, wapi, mwaka gani? Mwongozo haukusema.

Waraka wowote unaoweka masharti unategemea vitu vilivyo nje yake: njia ya kupima, jedwali, maana ya neno, waraka mwingine. Vikiondolewa vitu hivyo, masharti yanabaki maneno matupu. Ninachosema ni kwamba visipotajwa kwa jina, namba na mwaka, waraka huo haujamalizika kuandikwa, hata ukiwa na mhuri na saini tatu. Na kukagua kama vyote vimetajwa ni kazi kamili inayojitegemea. Ipangiwe mtu, ipangiwe siku, ifanyike kabla waraka haujatoka. Nimekaa na waandishi wa miongozo wa kutosha kujua kwamba sivyo inavyofanyika. Wanahakiki tahajia, wanahakiki nembo, wanahakiki majina ya viongozi kwenye dibaji. Marejeo hayana mwenyewe.

Anayeacha rejea mara nyingi haachi kwa uzembe. Anaacha kwa sababu anaijua mno. Watu sita wamezunguka meza, wote wametumia jedwali moja kwa miaka mingi, na kwao maneno "njia iliyoidhinishwa" yana maana moja tu; hakuna hata mmoja atakayeinua mkono kuuliza ni ipi. Pengo linaonekana na aliye mbali, mwenye karatasi peke yake mkononi. Na huku tuko mbali. Kutoka Dar es Salaam mpaka stesheni ya Tabora ni zaidi ya kilomita 800 za reli, na kutoka stesheni mpaka mzinga wa mwisho porini kuna safari nyingine.

Mwongozo ule ule ulikuwa na kasoro iliyoniuma zaidi ya ile ya unyevu. Kifungu cha HMF kilisema isizidi miligramu 40 kwa kilo. HMF ni kemikali inayojitengeneza ndani ya asali inapopashwa moto au inapokaa muda mrefu, na wanunuzi huitumia kujua kama asali imepikwa au imechakaa. Namba 40 haikubuniwa. Imo kwenye kiwango cha asali cha Codex, ile tume ya viwango vya chakula ya FAO na WHO iliyoanza kazi mwaka 1963. Kiwango chenyewe ni namba 12 cha mwaka 1981, kilichopitiwa upya mwaka 1987 na 2001. Lakini ukikifungua, sentensi inayofuata inasema kwamba asali iliyotajwa kuwa imetoka katika nchi au maeneo yenye joto la tropiki, pamoja na michanganyiko yake, isizidi miligramu 80. Walioandika walijua kwamba kwenye joto HMF hupanda haraka hata asali isipokaribia jiko. Aliyenakili alichukua sentensi ya kwanza, ya pili akaiacha, na hakuandika alikoitoa. Angeandika tu pembeni ya ile 40 maneno mawili, "Codex 12", mfugaji yeyote wa Sikonge au Urambo mwenye kijana anayejua kutafuta kwenye simu angeisoma sentensi ya pili na kusimama nayo. Bila rejea hiyo, mfugaji hana hata mahali pa kuanzia kubisha.

Codex hiyo hiyo, katika toleo la 2001, ilitaja njia ya kupima unyevu kwa namba yake: AOAC 969.38B, AOAC ikiwa ni chama cha wakemia kinachochapisha njia za kupima. Neno moja, tarakimu tano na herufi moja. Ukiwa nayo unajua joto la kusomea, unajua jedwali, unajua nini cha kufanya asali ikiwa imeganda. Ndoo namba 14 isingekuwa na vipimo viwili.

Jirani zetu wa Kigoma wana meli ambayo huwa naifikiria ninapokutana na nyaraka za namna hii. MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, kwenye karakana ya Meyer, mwaka 1913. Kisha ikafumuliwa, vipande vyake vikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, vikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, vikapanda treni mpaka Kigoma, vikaunganishwa upya na meli ikashushwa ziwani mwaka 1915. Masanduku yale hayakusafiri peke yake. Yalifuatana na mafundi watatu wa karakana ile ile. Kile ambacho orodha ya vipande haikukisema, wao walikuwa nacho kichwani, na walikuwepo pale ufukweni kukisema. Waraka wa kiwango haupati bahati hiyo. Unafika ghalani kama picha ya simu iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp, kurasa mbili hazisomeki, na fundi wake yuko kwenye kikao kingine mjini. Chochote alichokuwa nacho kichwani hakikuja na mzigo, isipokuwa kile alichokiandika kwenye marejeo.

Taasisi kubwa za viwango zimelijua hili zamani na zimeliwekea sheria. Kanuni za uandishi za ISO na IEC zinatenga kifungu cha pili cha kila kiwango kwa ajili ya marejeo ya lazima, yaani nyaraka ambazo usipozifuata huwezi kusema umekifuata kiwango chenyewe. Marejeo ya kujisomea tu yanawekwa mwisho, mbali na hayo. Na kama kiwango hakina rejea ya lazima hata moja, kifungu cha pili hakiondolewi. Kinabaki, na ndani yake kinaandikwa wazi kwamba hakuna. Nalipenda sana sharti hilo. Linamlazimisha mwandishi ajiulize na atamke jibu, asipite kimya kimya.

Kanuni hizo zinatenganisha pia rejea yenye mwaka na isiyo na mwaka. Yenye mwaka inamaanisha toleo lile tu, hata kama jipya limetoka. Isiyo na mwaka inamaanisha toleo la karibuni kabisa, pamoja na marekebisho yake. Mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa sana kwa nini hili lina uzito. Aandike mtu leo kwamba behewa liendane na reli ya kati, bila kusema ipi. Ni ile ya upana wa milimita 1,000 iliyofika hapa mwaka 1912, au ni hii ya kisasa ya milimita 1,435? Maneno ni yale yale, behewa ni tofauti.

Wahandisi wa intaneti wamekwenda mbali zaidi. Nyaraka za IETF, jumuiya yao ya kuandika viwango, zinazoitwa RFC, ndizo zinazoeleza jinsi kompyuta zinavyozungumza. Machi 1997 walitoa RFC 2119, kurasa tatu tu, kazi yake ni kueleza tu maana ya maneno kama "lazima", "inapasa" na "inaweza" yanapoandikwa kwa herufi kubwa ndani ya itifaki. Tangu hapo waraka unaotumia maneno hayo kwa maana hiyo unaitaja RFC 2119 kwenye marejeo. Hata neno "lazima" lina rejea yake! Kisha wakaweka sheria ya foleni: waraka hauchapishwi kama RFC mpaka nyaraka zote zilizo kwenye marejeo yake ya lazima ziwe nazo zimefikia kuchapishwa. Sheria hiyo ina gharama na wameilipa. Nyaraka za WebRTC, teknolojia inayokuwezesha kupiga simu ya sauti na picha ndani ya kivinjari, zilitegemeana hivi kwamba makumi yake yalikaa kwenye foleni, baadhi kwa miaka, yakisubiriana, hadi Januari 2021 yalipotoka kwa mkupuo. Watu walikuwa wameshaanza kupiga simu hizo muda mrefu. Wengine waliona ni urasimu. Mimi naona walifanya sawa, kwa sababu waraka unaotegemea rasimu unategemea kitu ambacho kesho kinaweza kubadilika bila mtu kukuambia.

Ukaguzi wenyewe wameutia kwenye mashine kwa kadiri walivyoweza. IETF wana programu ndogo, idnits, inayosoma rasimu na kulalamika: hapa umetaja waraka kwenye maelezo lakini haumo kwenye orodha ya marejeo, hapa umeuorodhesha lakini hukuutumia popote. Hilo ni jambo la kulinganisha orodha mbili, kompyuta haichoki nalo.

Kwenye viwango vya wavuti, vinavyosimamiwa na W3C tangu 1994 pamoja na wenzao, kuna ukaguzi mwingine mtamu kiufundi, na ndio ulionipa wazo la kufanya kitu hapa nyumbani. Viwango hivyo vina vipande vilivyoandikwa kwa lugha ambayo mashine inaielewa, vinavyotaja vitu kwa majina. Tuseme kiwango kipya kinaeleza kifaa cha kurekodi sauti, na kinasema kifaa hicho ni aina ya EventTarget. Jina hilo halikuelezwa humo. Limeelezwa kwenye kiwango kingine kinachoitwa DOM. Programu inapita kwenye mamia ya viwango, inakusanya kila jina pamoja na mahali lilipoelezwa, kisha inarudi kwa kila kimoja na kuuliza: majina unayoyatumia bila kuyaeleza, umetaja viwango vinavyoyaeleza? Kama DOM haimo kwenye marejeo ya lazima, mwandishi anaambiwa. Hapo mashine haisubiri mwandishi ataje kitu ndipo ikikague. Inakamata utegemezi ambao mwandishi mwenyewe hakujua kwamba anao.

Nikajaribu kuandika programu kama hiyo kwa ajili ya miongozo ya Kiswahili. Ilikuwa mistari arobaini hivi. Inatafuta sharti lolote lenye namba, kisha inaangalia kama ndani ya kifungu hicho kuna jina la waraka, namba ya njia au mwaka. Ugumu wa kwanza ulikuwa lugha yenyewe, na ni ugumu mzuri. Mwandishi wa Kiingereza ana neno moja la kukataza kuzidi. Sisi tuna unyevu usizidi, kiasi kisizidi, sukari isizidi, majivu yasizidi, ndoo zisizidi. Ukitafuta "usizidi" peke yake, utakosa masharti mengi kuliko utakayopata. Ikabidi nitafute "-sizidi" na "-sipungue" kwa viambishi vyote. Halafu nikaongeza maneno ninayoyaita maneno ya kujifichia: iliyoidhinishwa, inayofaa, inayokubalika, kama inavyotakiwa, kwa mujibu wa taratibu. Kila moja ya maneno hayo ni rejea iliyokatwa kichwa. Mwongozo wa mnunuzi wetu ulikuwa na kurasa nane na masharti 23 yenye namba. Yaliyotaja jinsi ya kupima yalikuwa manne.

Programu haikuweza kuona mengine. Sharti la kwamba ndoo ziwe safi lilipita bila kelele, ingawa "safi" nayo inasimama juu ya kitu fulani ambacho hakikutajwa. Kwa hiyo tukafanya jaribio la pili, na kama nikiambiwa nichague moja tu kati ya hayo mawili, nitachagua hili. Tulimwita binti mmoja aliyemaliza masomo ya maabara ambaye hajawahi kufanya kazi ya asali. Tukampa mwongozo, refraktomita na ndoo. Tukamwambia asimuulize mtu yeyote kitu. Kila anapokwama, aandike swali lake. Alifanya kazi asubuhi nzima, kimya, na sisi tumekaa pembeni tukijizuia kumsaidia. Akaandika maswali 17. Nipime kwenye nyuzi joto ngapi? Tone nilichukue juu ya ndoo au chini? Nikoroge kwanza? Upande mmoja umeganda, niuyeyushe, na kama niuyeyushe, kwa moto wa kiasi gani ili ile HMF isipande? Nipime mara ngapi, na kama vipimo vinatofautiana nichukue kipi? Kifaa nitajuaje kama chenyewe kiko sawa?

Swali la moto wa kuyeyushia sikuwahi kulifikiria, na nimekuwa nikikaa na watu wa asali kwa miaka minne. Mkuu wa ghala naye alibaki ameshika kidevu. Vifungu viwili vya mwongozo mmoja vilikuwa vinagombana, kimoja kikikusukuma upashe asali moto na kingine kikikuadhibu kwa kuipasha, na waraka wenye suluhu ya ugomvi huo haukutajwa popote.

Lugha inaleta utegemezi wake pia. Neno "kiwango" kwetu lina maana mbili zinazokaa nyumba moja: waraka wenye masharti, na kiasi cha kitu. Nimesoma sentensi, na naiamini kabisa dhamira ya aliyeiandika, inayosema kiwango cha unyevu kizingatie kiwango. "Kipimo" ni kifaa, ni kitendo na ni jibu la kitendo. Na neno "asali" lenyewe! Kiwango cha Codex kinaeleza asali kuwa ni zao la nyuki wa asali. Hapa Tabora tuna asali ya nyuki wadogo wasiouma, ambayo watu huitafuta kwa ajili ya dawa na huuzwa ghali zaidi, na kwa maumbile yake huwa na maji mengi. Ukiipima kwa asilimia 20 itashindwa karibu kila mara, na haitakuwa imeharibika. Malaysia waliliona hilo, wakaandika mwaka 2017 kiwango cha peke yake kwa asali ya nyuki wa aina hiyo. Mwongozo ukisema "asali" bila kutaja maana hiyo imetoka wapi, mama anayefuga nyuki wadogo kwenye vibuyu nyuma ya nyumba hajui hata kama anahusika.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu nimeshalisikia kwenye mkutano. Mwongozo wa mfugaji unatakiwa uwe mfupi, wa maneno mepesi. Ukiujaza namba za nyaraka utamtisha. Nakubaliana na sehemu ya kwanza. Karatasi ya kumfundisha mtu kurina bila kuua nyuki na bila kuchanganya masega mabichi na yaliyofunikwa haihitaji rejea ya AOAC. Lakini karatasi inayorudisha ndoo ya mtu ni kiwango, iite mwongozo, iite kipeperushi, iite maelekezo. Ikiwa na nguvu ya kukataa mali ya mtu, iwe na adabu ya kueleza inasimama juu ya nini. Na namba za marejeo zinakaa kwenye mistari mitano ya mwisho. Asiyezihitaji hatazisoma. Atakayezihitaji, atazihitaji siku ambayo hasara iko mlangoni.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la bei. Rejea inaweza kutajwa vizuri kabisa na bado isifunguke, kwa sababu inauzwa. Viwango vingi vya ISO vinauzwa, njia za AOAC nazo huuzwa, na kila waraka unaweza kukupeleka kwenye mwingine. Ushirika wa ndoo mia tatu hauwezi kununua mnyororo mzima. Machi 5, 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, kwenye shauri kuhusu viwango vinne, vikiwemo vya usalama wa vitu vya kuchezea watoto, kwamba kuna maslahi ya umma yanayotaka viwango vilivyofanywa kuwa sehemu ya sheria viweze kusomwa na wananchi. Ni uamuzi wa Ulaya na haugusi huku moja kwa moja, lakini hoja yake inaweza kusimama kokote. Kwa sasa, mwandishi wa mwongozo akijua kwamba rejea yake ni ya kulipia, aandike ndani ya mwongozo kile hasa anachokihitaji kutoka huko: soma kwenye nyuzi 20, au sahihisha, kifaa kinachojisahihisha kisisahihishwe tena. Codex inasomwa bure. RFC zinasomwa bure. Pale penye chaguo kati ya rejea iliyo wazi na iliyofungwa, zenye uzito sawa, kutaja iliyofungwa ni kumfungia mlango mtu wa mwisho kwenye foleni.

Shirika letu la Viwango, TBS, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975 na kuongozwa sasa na Sheria ya Viwango ya 2009, hutoa rasimu zake kwa umma ili watu watoe maoni. Vyama vya ushirika visiache nafasi hiyo kwa wenye maabara peke yao. Siombi mfugaji abishane na kemia. Naomba jambo analoliweza kuliko mtu yeyote mezani: achukue rasimu, achukue ndoo yake, ajaribu kuifuata bila kumuuliza mtu, kisha atume orodha ya mahali alipokwama. Tabora tuna chuo cha ufugaji nyuki, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza ndio hasa watu wa kufanya kazi hiyo, kwa kuwa bado hawajazoea. Kwa upande wa waandishi, ningependa kila rasimu itoke na ukurasa mmoja wa ziada wenye jedwali la safu tatu: sharti, njia ya kulipima, waraka na mwaka wake. Kisanduku kitakachobaki wazi kitaonekana na kila mtu, hata asiyejua kemia.

Sisi tulichapa maswali 17 ya yule binti, tukaweka na matokeo ya programu, tukampelekea mnunuzi bila maneno makali. Mzee mwenye ndoo namba 14 alilipwa, kwa sababu mkuu wa ghala alikubali kupima tena alfajiri mbele yake, kipimajoto kikiwa mezani. Toleo jipya la mwongozo lilitufikia mwezi wa tano. Kifungu cha unyevu sasa kina namba ya njia, joto la kusomea, na mstari kuhusu vifaa vinavyojisahihisha. Kuna ukurasa wa marejeo, sita kwa idadi, manne yana mwaka. Kifungu cha HMF bado kinasema 40, na pembeni yake sasa pameandikwa "Codex 12". Kijana wa ghala ameshaipakua kwenye simu yake, na sentensi ya pili ameipigia mstari.